Panya alishwaye mafuta na ini la mkazi wa Nakuru

WANASAYANSI wanapotaka kumpa panya maradhi ya ini hawahitaji sumu wala virusi. Humbadilishia chakula tu. Vidonge vya kawaida vya nafaka anavyolishwa panya wa maabara hupata kati ya asilimia 10 na 15 ya nguvu yake kutoka kwa mafuta. Vile vya majaribio hupata asilimia 60, aghalabu kutoka kwa mafuta ya nguruwe. Baada ya majuma 10 hadi 16, mnyama ambaye angekuwa na uzani wa gramu 30 hivi hukaribia gramu 45 au hata 50, na ini lake, ambalo kwa kawaida lina rangi ya kahawia iliyokolea, huwa limepauka na kuingia umanjano.

Habari hii huenda ikaonekana kuwa mbali na mkazi wa jiji la Nakuru anayenunua chipsi kibandani akielekea nyumbani jioni. Hata hivyo, jaribio hilo limerudiwa mara nyingi mno katika maabara za dunia kwa sababu linahusu ugonjwa ambao, kwa makadirio ya sasa, umempata takriban mtu mzima mmoja kati ya kila watatu duniani. Nao ni ugonjwa usio na maumivu wala homa, na ambao mwenyewe huweza kuishi nao miaka ishirini asijue.

Lililo gumu ni kufahamu panya huyo anasema nini hasa. Wengi husikia kwamba mafuta yaliharibu ini la panya, wakakata kauli kwamba mafuta yaliyo kwenye sahani huingia tumboni, yakapita moja kwa moja hadi kwenye ini na kutulia huko. Mambo hayaendi hivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kumshughulisha mkazi wa Bonde la Ufa, eneo ambalo watu wake walikunywa maziwa yenye mafuta tele kwa karne nyingi kabla ya kibanda cha kwanza cha chipsi kufunguliwa.

Ini la mtu mzima lina uzani wa takriban kilo moja na nusu. Husafisha damu, hutengeneza nyongo, hudhibiti sukari na kuunda protini zinazogandisha damu mtu anapojikata. Kiswahili chenyewe hulipa heshima yake, kwani mtu aliyetiwa uchungu husemekana kuwa amekatwa maini. Ini zima huwa na mafuta kidogo sana. Yakizidi asilimia 5, madaktari huhesabu kuwa ni ini lenye mafuta. Mwenye bucha aliyepasua mbuzi na ng'ombe wengi huitambua hali hiyo kwa macho tu: ini huwa limevimba, limepauka na huacha utelezi kwenye kisu.

Mafuta peke yake si mwisho wa dunia. Watu wengi huishi nayo bila madhara makubwa ya ini. Tatizo huanza pale seli zilizojaa mafuta zinapoanza kufa na kuvimba, kisha mwili ukaziba mapengo kwa makovu. Makovu yakienea, ini husinyaa na kuwa gumu, hali iitwayo sirosisi, na kutoka hapo njia ya kuelekea saratani ya ini huwa fupi. Mnamo 1980, daktari Jürgen Ludwig wa Mayo Clinic nchini Marekani aliandika kuhusu wagonjwa 20 ambao maini yao yalionekana chini ya hadubini kama ya walevi, ilhali hawakuwa walevi. Tangu hapo ugonjwa huo ulijulikana kwa jina la kile usichokuwa, yaani ini lenye mafuta yasiyotokana na pombe. Ni mwaka wa 2023 tu ambapo vyama vya madaktari wa ini viliafikiana kuupa jina jipya linalotaja chanzo chake, ambacho ni kuvurugika kwa jinsi mwili unavyotumia na kuhifadhi chakula.

Katika majaribio mengi hutumiwa panya mweusi wa ukoo uitwao C57BL/6, uliozalishwa Marekani tangu miaka ya 1920 kwa kujamiisha ndugu kwa ndugu hadi wote wakafanana kama mapacha. Mnamo 1988, Richard Surwit na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba panya wa ukoo huo akilishwa mafuta na sukari kwa wingi hunenepa na kuugua kisukari, ilhali panya wa ukoo mwingine, aliyepewa chakula kile kile, alistahimili. Ni matokeo yanayostahili kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba babu yake alikula nyama na mafuta hadi akafikisha miaka tisini. Huenda ni kweli. Lakini mjukuu hakurithi kila kitu kutoka kwa babu mmoja.

Ndani ya mwili wa panya mweusi mambo hufuatana hivi. Mafuta ya chakula huhifadhiwa kwanza mahali pake halali, yaani katika tishu za mafuta chini ya ngozi na tumboni. Tishu hizo hupanuka. Zikifika kikomo huanza kukaidi amri ya insulini, homoni ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuziambia zishikilie akiba na zisiiachilie ovyo. Akiba huvuja na kuingia katika damu, na ini, ambalo hupitiwa na damu nyingi kila dakika, hulazimika kuipokea. Insulini huzidi kupanda ili kuwalazimisha wakaidi watii, na insulini nyingi huliamuru ini liunde mafuta mapya kutokana na sukari. Ini basi hujazwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja.

Kwa binadamu, hesabu hiyo ilipigwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota katika ripoti ya mwaka wa 2005. Waliwapa wagonjwa 9 vyakula vilivyotiwa alama maalumu ya kikemia kwa siku kadhaa kabla ya kuwatoa vipande vidogo vya ini, kisha wakafuatilia kila punje ya mafuta ilikotoka. Asilimia 59 ilikuwa imetoka katika akiba ya mwili, asilimia 26 ilikuwa imeundwa na ini lenyewe kutokana na sukari na wanga, na asilimia 15 pekee ndiyo iliyokuwa imetoka moja kwa moja katika mafuta ya chakula.

Mfugaji wa Njoro, Molo au Rongai hahitaji maabara ili kuelewa asilimia 59 hiyo. Anajua kwamba ng'ombe wa maziwa aliyeachwa anenepe kupita kiasi kabla ya kuzaa humletea hasara. Baada ya kuzaa, maziwa huhitaji nguvu nyingi kuliko ile ambayo ng'ombe anaweza kupata kwa kula. Mwili huyeyusha akiba yake, mafuta hukimbilia kwenye ini, na mnyama hukataa chakula, hudhoofika na wakati mwingine hufa. Ng'ombe huyo hakulishwa mafuta. Alilishwa nyasi na chakula cha madukani, akajiwekea akiba, na akiba hiyo ndiyo iliyomgeukia.

Nayo ile asilimia 26 ina shahidi wake huko Ufaransa, ambako bata hulishwa kwa nguvu ili maini yao yauzwe kwa bei ghali. Wafugaji wa huko hawawapi mafuta. Huwalisha mahindi, chakula cha wanga, na katika muda wa majuma mawili hivi ini huweza kukua mara 6 hadi 10. Ujuzi huo ni wa kale, kwani Warumi walitumia tini, tunda lenye sukari nyingi, hata neno lao la tini likazaa neno la ini katika Kifaransa na Kiitaliano. Maumbile yenyewe ndiyo yaliyowafunza. Ndege wa majini wahamao hujilimbikizia mafuta kabla ya safari ndefu, na bata wanaofika katika maziwa ya Nakuru, Elementaita na Naivasha kutoka Ulaya na Asia kila mwaka huwa wamesafiri kwa akiba ya aina hiyo. Tofauti ni kwamba wao huiteketeza yote njiani.

Ini linaweza kufananishwa na bohari ya nafaka. Bohari haikujengwa iwe ghala la kudumu. Malori huingia na mengine hutoka. Milango ya kuingilia ni mitatu, nayo ni akiba inayovuja, sukari inayogeuzwa mafuta, na mlo wenyewe. Ya kutokea ni miwili, ama mafuta yachomwe kuwa nguvu, ama yafungashwe pamoja na protini na kusafirishwa kwenda kwingine mwilini. Ini hujaa pale uingizaji unapozidi utoaji, haidhuru lori limetokea mlango upi.

Mlango wa kutokea ulifahamika mapema katika Afrika Mashariki, kwa njia ya huzuni. Katika miaka ya 1930 na 1940 madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, walipokea watoto waliovimba miguu na nyuso, wenye nywele zilizobadilika rangi. Waliokufa walipopasuliwa, maini yao yalikutwa yamejaa mafuta. Hugh Trowell, aliyewahi kufanya kazi Kenya kabla ya kuhamia Uganda, pamoja na J. N. P. Davies na R. F. A. Dean, walikusanya ujuzi huo katika kitabu kuhusu kwashiakoo kilichotolewa mwaka wa 1954. Watoto hao hawakuwa wamekula mafuta. Walikuwa wameachishwa maziwa na kulishwa vyakula vya wanga vyenye protini haba, na ini likakosa vya kufungashia mizigo yake. Mapema zaidi, mwaka wa 1932, Charles Best, mmoja wa waliogundua insulini, alikuwa ameripoti pamoja na mwenzake kwamba panya aliyejaa mafuta katika ini aliweza kusaidiwa kwa kolini, kirutubisho kinachopatikana katika mayai na maini. Hadi leo, mtafiti anayetaka kuliharibu ini la panya kwa haraka kuliko mafuta yanavyoweza humnyima kolini.

Kuna kisa kingine cha eneo hili ambacho watetezi wa nyama choma hupenda kukitaja, na wana haki ya kukitaja almuradi wakisimulie hadi mwisho. Mnamo 1962, A. G. Shaper wa Makerere alitoa ripoti kuhusu Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, na mwaka wa 1964 George Mann akaandika kuhusu wanaume Wamaasai 400 wa Tanganyika. Wote wawili walikutana na watu walioishi kwa maziwa na nyama, ambao walikuwa wembamba, wenye kolesteroli ya chini. Utafiti mwingine juu ya Wamaasai, uliochapishwa mwaka wa 1971, ulikadiria kuwa theluthi mbili ya nguvu ya chakula chao ilitokana na mafuta.

Theluthi mbili ni zaidi ya ile asilimia 60 inayomwangusha panya. Uwiano wa mafuta katika mlo, basi, hautoshi kueleza ugonjwa. Panya wa maabara hukaa katika kisanduku ambamo chakula hakiishi na hakuna pa kwenda. Moran alitembea na mifugo kutwa nzima, hakunywa soda, na kiangazi kilipoingia maziwa yalipungua apende asipende. Mlango wa kutokea wa bohari yake ulikuwa wazi daima. Ni vyema pia kukumbuka kwamba madaktari hao walichunguza moyo na damu, hawakupima ini. Na Mann mwenyewe alipochunguza mioyo ya Wamaasai 50 waliokufa, aliripoti mwaka wa 1972 kuwa mishipa ilikuwa na mafuta, ila ilikuwa imepanuka kiasi cha kutozibika.

Tena mambo hayakubaki vile. Watafiti wa Kenya na Denmark waliowapima Waluo, Wakamba na Wamaasai katikati ya miaka ya 2000 walikuta kisukari kwa asilimia 2.2 ya watu wa mashambani na asilimia 12.2 ya wakazi wa mijini. Mbali na hayo, miongoni mwa makundi hayo matatu ni Wamaasai waliokuwa na mafuta mengi zaidi tumboni. Vizazi viwili vilikuwa vimepita tangu Mann apige hema.

Nakuru nayo ina takwimu zake, zilizopatikana karibu kwa bahati. Mnamo 2007 na 2008 ulifanywa uchunguzi mkubwa wa macho kwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika eneo hilo, na watafiti wakaona heri wapime mengine pia. Kati ya watu zaidi ya 4,300 waliopimwa, nusu walikuwa na shinikizo la damu, asilimia 21 walikuwa na kolesteroli nyingi, asilimia 13 walikuwa wanene kupindukia, na asilimia 6.6 walikuwa na kisukari. Wakazi wa mjini walikuwa katika hali mbaya kuliko wa mashambani. Hakuna aliyepimwa ini. Lakini unene, kisukari na mafuta katika damu ndio jamaa wa karibu wa ini lenye mafuta, na aghalabu aliye nao huwa nalo. Kitaifa, uchunguzi wa wizara ya afya wa mwaka wa 2015 ulikuta kuwa asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzani uliopita kiasi. Miongoni mwa wanawake idadi hiyo ilifika asilimia 38.5.

Nakuru ilipandishwa hadhi na kuwa jiji mnamo Desemba 2021, na imezungukwa na mashamba yanayoilisha kwa ukarimu. Viazi hutoka Molo, Kuresoi na Mau Narok, na maziwa hutoka kila upande. Kiazi cha kuchemsha karibu hakina mafuta. Kikikatwakatwa na kutumbukizwa katika karai, hunyonya mafuta kiasi kwamba sahani ya gramu 250 huwa na gramu 30 au zaidi, na takriban asilimia 40 ya nguvu ya chipsi hizo hutokana na mafuta. Zikiteremshwa kwa chupa ndogo ya soda ya mililita 300, huongezwa sukari gramu 32 hivi. Mafuta na sukari pamoja ndivyo hasa watafiti wanavyomlisha panya wakitaka ugonjwa uvuke hatua ya mafuta matupu na kufikia uvimbe na makovu, kwani mafuta peke yake humnenepesha panya lakini mara nyingi hayatoshi kumtia makovu mazito. Huongeza kolesteroli katika vidonge na fruktosi katika maji ya kunywa. Fruktosi ni nusu ya sukari ya kawaida, na sehemu yake kubwa husagwa katika ini.

Aina ya mafuta nayo ina uzito wake. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Helsinki, lililochapishwa mwaka wa 2018, watu 38 wenye uzani mkubwa walikula kalori 1,000 za ziada kila siku kwa majuma matatu. Waliopata ziada hiyo kwa mafuta yaliyoshiba, yaani yale yagandayo yakipoa kama siagi, waliongeza mafuta ya ini kwa asilimia 55. Waliopewa sukari waliongeza kwa asilimia 33, na waliopewa mafuta yasiyoshiba, kama ya mizeituni na njugu, kwa asilimia 15. Mafuta ya mawese, ambayo ndiyo malighafi ya mafuta mengi ya kupikia yauzwayo humu nchini, nusu yake hivi yameshiba. Mawese si sumu. Hayana tu wema wa mafuta ya alizeti au ya mahindi katika jambo hili. Uvumi wa mafuta ya transfoma kutiwa katika karai za chipsi umewahi kuwatia watu hofu kubwa, na ni haki kuuhofia, ila umewafanya wengi wadhani kuwa mafuta safi hayana neno hata yakiliwa kila siku.

Panya ana mipaka yake, na watafiti waaminifu huitaja. Maabara nyingi huwa na joto la nyuzi 20 hadi 23, linalomfaa mtu aliyevaa koti jeupe. Panya hustarehe karibu na nyuzi 30. Katika ubaridi huo huchoma chakula kingi ili apate joto, hivyo huwa kama mtu anayekimbia mbio akiwa amesimama. Mnamo 2017 ilichapishwa ripoti kwamba panya waliowekwa katika joto wanalolipenda, wakalishwa mafuta, waliugua ini vibaya zaidi kuliko wenzao wa maabara ya kawaida, na hata majike, ambao kwa desturi hustahimili kuliko madume, hawakunusurika. Nyanda za juu za Njoro, kwa baridi yake, zingemfaa panya huyo kuliko Mombasa. Isitoshe, panya huishi miaka miwili mitatu tu, na ni nadra apate sirosisi kwa chakula pekee, ilhali binadamu huchukua miongo kuifikia. Chakula cha kulinganishia nacho huwa na kasoro, maana vidonge vya nafaka vina nyuzinyuzi nyingi kuliko vile vya mafuta, hata isijulikane mara zote kama ini liliharibiwa na kilichoongezwa au na kilichoondolewa.

Urithi uliowatenganisha panya wa Surwit upo kwa watu pia. Mwaka wa 2008, kikundi cha Helen Hobbs cha Dallas, Marekani, kiligundua kuwa badiliko dogo katika jeni iitwayo PNPLA3 huongeza sana mafuta katika ini. Badiliko hilo lilipatikana kwa wingi miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati, na kwa uchache miongoni mwa wenye asili ya Afrika. Ni faraja, lakini faraja ndogo. Nchini Kenya ini lina maadui wengine ambao tayari wako langoni. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ilianza kutolewa kwa watoto wachanga mwaka wa 2001, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Sumukuvu ya mahindi iliwaua watu 125 mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui, mwaka wa 2004, na kwa kiasi kidogo kidogo ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya ini. Kuna pia pombe. Ini lililokwisha jaa mafuta hukutana na maadui hao likiwa limechoka.

Mtu atajuaje? Picha ya mawimbi ya sauti, ile ile ionyeshayo mimba, huonyesha ini lenye mafuta mengi kama weupe usio wa kawaida. Lakini haitambui vyema makovu ya mwanzo, nayo makovu ndiyo yanayoamua nani ataumia. Kwa hilo kuna hesabu rahisi iitwayo FIB-4, inayohitaji umri na vipimo vitatu vya damu ambavyo hospitali nyingi za kaunti huvifanya: vimeng'enya viwili vya ini, AST na ALT, pamoja na idadi ya chembe zinazogandisha damu. Umri huzidishwa kwa AST. Jawabu hugawanywa kwa idadi ya chembe hizo, kisha kwa kipeuo cha pili cha ALT. Tuseme mtu ana miaka 52, AST ni 48, ALT ni 64 na chembe ni 210. Hesabu yake hutoa karibu 1.5. Ikiwa chini ya 1.3, makovu mazito ni nadra. Ikipita 2.67, mgonjwa anafaa kuonwa na bingwa wa ini. Aliye katikati, kama huyu wa mfano, huhitaji kipimo kingine. Kwa waliopita miaka 65 kiwango cha chini huwekwa kuwa 2. Kipimo hiki kinawahusu hasa wenye kisukari na wenye vitambi, hata kama hawahisi lolote. Aidha, ALT ya kawaida haimaanishi kuwa ini ni zima.

Kwa upande wa matibabu, dawa ya kwanza mahususi, resmetirom, iliidhinishwa Marekani mnamo Machi 2024, ikatangazwa kwa bei ya dola 47,400 kwa mwaka. Semaglutaidi, sindano iliyojulikana kwa kisukari na kupunguza uzani, iliidhinishwa huko kwa ajili ya ini mnamo Agosti 2025. Zote mbili zilipitia kwanza kwa panya wale wale weusi.

Panya huyo akirudishiwa vidonge vya nafaka, mafuta ya ini lake hupungua katika muda wa majuma machache. Makovu, pale yalipo, huchelewa sana kuondoka. Kwa binadamu, ushahidi bora ulitoka Cuba, nchi isiyo na dawa za bei hiyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, wagonjwa 293 waliokuwa na uvimbe wa ini walishauriwa juu ya chakula na mazoezi kwa mwaka mzima, kisha wakatolewa tena vipande vya ini. Miongoni mwa waliopunguza angalau asilimia 10 ya uzani wao, uvimbe ulitoweka kwa asilimia 90, na makovu yakapungua kwa asilimia 45. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 10 ni kilo 9. Katika wagonjwa wote 293, waliofikia kiwango hicho walikuwa 29.